Bangili za Msibani

Asubuhi hiyo ulichomoza mwiba mmoja tu nchi nzima, na Osmunda Gama akashukuru Mungu kwa sauti. Mwiba mmoja ni neema. Ilikuwapo miezi ambayo ukuta wa Maabara Kuu pale Morogoro uliota miiba toka Tandahimba mpaka Ngara, na wapimaji wakawa wanalala chini ya meza na viatu miguuni. Siku hizi Meza ya Uthibitisho ilikuwa imetulia: chai ya tangawizi kushoto, kitumbua kwenye kisosi, na mbele yake ule ukuta mrefu unaopokea habari za bangili zote kila kunapokucha.

Bangili yenyewe ni kitu cha kijivu, laini, kisichopendeza hata kidogo. Inalamba jasho la mvaaji mchana na usiku, na alfajiri inatuma Morogoro kile ilichokipata. Jasho safi linachora mstari ulionyooka. Jasho lenye kirusi cha homa ya majivu linachora mwiba. Na ubaya wa homa hiyo ni huu: damu haioneshi chochote mpaka midomo ianze kupauka, na midomo ikishapauka dawa haisaidii tena. Ukiwahiwa na jasho, unachomwa sindano ya mapema, unalala siku chache, unarudi shambani kwako. Usipowahiwa, ndugu zako watandike mikeka.

Kwa hiyo kazi ya Osmunda ilikuwa kuutazama kila mwiba, kuhakikisha si hitilafu ya mashine, halafu kupiga muhuri. Muhuri ukipigwa, kasha la dawa linafunguka kwenye hospitali ya wilaya ya yule aliyeandikishwa, na kwa mujibu wa sheria sindano lazima ichomwe kabla jua halijatua, mtu atake asitake.

Mwiba wa leo ulikuwa mzuri, kama mwiba unaweza kuitwa mzuri. Haukuwa na walakini. Osmunda alikuwa ameshainua kidole apige muhuri pale alipouona utepe wa njano chini ya jina.

Melania Kihwele. Mwalimu. Kalenga, Iringa. Mjamzito.

Akashusha kidole. Utepe wa njano wanawake waliuomba wenyewe, kwa hiari yao, kwa sababu sindano ya mapema haichagui: inaua kirusi na inatoa mimba. Hakuna aliyewahi kupata njia nyingine. Mara zote utepe ulipojitokeza, Osmunda alipiga simu kwanza, si kwa kuwa sheria inamtaka, bali kwa kuwa aliona ni adabu.

"Shikamoo, Daktari Chengula."

"Marahaba, mama." Daktari wa wilaya alikuwa mzee anayekaribia kustaafu, na sauti yake ilikuwa imechoka asubuhi yote hiyo. "Najua unapigia nini. Nimeshamwita, yuko hapa na mumewe. Na askari yuko mlangoni, kama mnavyotaka ninyi watu wa Morogoro."

"Anajisikiaje?"

"Mzima wa afya! Amepanda kilima kuja hapa ananiuliza mimi kama nimekunywa chai. Mama, ni mimba ya kwanza, na wamehangaika miaka kuipata. Nakuomba uitazame tena hiyo karatasi yako."

"Nimeitazama, daktari. Mwiba ni mwiba."

Kukawa na mchakacho, simu ikabadilisha mikono. Sauti ya mwanamke ikaja, nyembamba lakini haitetemeki. "Samahani. Ndiye wewe tunayekusikia redioni?"

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Wanafunzi wangu wanakuigiza. 'Tunaangalia kitu kimoja tu.'" Akajaribu kucheka. "Sasa hicho kimoja mna hakika nacho? Mimi sijaenda popote. Tulikuwa na msiba tu wiki iliyopita, wa baba mkwe wangu, mzee Kalinga. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Walikuja watani zetu toka Songea, wakatusumbua mpaka tukasahau kulia, wakaondoka."

Osmunda aliyekuwa anakiendea kitumbua chake akaacha mkono hewani.

Yeye ni Mngoni. Mama yake mzazi, Bibi Kolumba Gama, mkazi wa Songea, ndiye aliyempigia simu wiki iliyopita akimwambia anapanda basi kwenda Iringa kumzika mtani. "Kuna Mhehe amejifia huko," alisema, "tusipokwenda kumwaibisha atafikiri hatukumpenda." Ndivyo utani ulivyo. Wafiwa wamekaa wameinamisha vichwa, mtani anaingia anavaa kanzu ya marehemu, analala kaburini, ananyakua viatu vya wafiwa na kofia na simu, na hampati kitu mpaka mmekomboa. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Hata akivuliwa nguo ya juu, anacheka na kutoa chochote alicho nacho. Bila hivyo msiba haujakamilika.

Zamani walinyakua viatu. Siku hizi, je?

"Mwalimu," akauliza polepole, "hao watani waliwavua nini?"

Nyuma ya mwalimu, Osmunda alisikia buti la askari likikwaruza sakafu.

"Viatu," akasema Melania. "Na mtandio wangu."

"Bangili haikuvuliwa?"

"Haikuvuliwa!" Jibu lilikuja upesi mno. Kuvua bangili ni jela, na kumvua mwenzio ni jela ndefu zaidi, na Melania alikuwa na ukoo mzima wa kuulinda, wa kwao na wa watani. Tena huenda aliamini kwa dhati kwamba aliyorudishiwa ndiyo yake. Bangili zote zinafanana.

"Nipe muda kidogo," akasema Osmunda. "Daktari, asiguswe mtu mpaka nipige tena."

*

Alimpigia mama yake mara tatu. Simu inaita, haipokelewi. Bibi Kolumba ana tabia ya kuiacha simu dukani kwa Nyoni ikichajiwa, halafu anakwenda zake shamba, na hakuna binadamu aliyewahi kumbadilisha.

Angesubiri? Hapo ndipo penye kazi. Kila alfajiri mashine ilichambua jasho, ikauweka mwiba upande huu, na upande wa pili ikatupa vingine vyote ilivyovikuta: chumvi, pombe, dawa za presha, homoni, kila anachokula na kunywa na kukificha binadamu. Hivyo vingine waliviita takataka. Saa sita mchana mashine inazifuta zote, hazirudi tena. Zikishafutwa, hakuna tena mtu duniani atakayejua jasho lile lilikuwa la nani.

Na takataka haziguswi. Afadhali uibe dawa.

Mwaka wa kwanza wa homa zilikuwa zinaguswa, ndiyo maana. Bosi fulani alijua nani kalewa. Shule fulani ilijua binti yupi ana mimba kabla hata mamake hajajua, ikamfukuza. Kuna mwanamume alipigwa na shemeji zake mpaka akapoteza jicho, kwa sababu jasho lake lilisema anameza dawa za UKIMWI na yeye alikuwa hajamwambia mke. Watu wakasema, ala, kumbe bangili ni mpelelezi! Wakazirundika bangili viwanjani wakazitia moto, na homa ikapita katikati yao bila kizuizi. Osmunda alimzika dada yake mwaka huo, na mume wake, na nusu ya watu aliosoma nao.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Kitu Kimoja. Maabara itaangalia mwiba, basi. Atakayefungua takataka atafukuzwa na kushtakiwa, na alichokiona hakiwezi kutumika dhidi ya mtu yeyote mahakamani. Wakatafuta sauti ya kuwaambia wananchi, wakaichagua ya Osmunda, kwa kuwa ilikuwa sauti ya mtu asiyebembeleza. Kila siku saa nne asubuhi alisoma taarifa, akamalizia na maneno yaleyale: tunaangalia kitu kimoja tu. Watu wakamwamini. Walivaa bangili tena kwa ajili ya sentensi hiyo moja.

Alikaa anaitazama ile sehemu ya skrini ambayo hakuwahi kuigusa. Kama anakosea, basi ameivunja nchi kwa sababu ya wasiwasi wa mtoto kwa mama yake. Kama hakosei na akanyamaza, mimba ya Kalenga inatoka leo jioni bure, na mahali fulani mgonjwa halisi anapalilia mahindi yake akisubiri midomo ipauke.

Akafungua.

Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Ikamuuliza tena. Ikaandika jina lake na ikamfungulia takataka za bangili ya Melania Kihwele.

Ugoro. Hicho ndicho cha kwanza, na kilikuwa kingi. Mtu huyu alikuwa ananusa ugoro asubuhi, mchana na jioni, kama mama yake. Dawa ya presha. Dawa ya magoti. Homoni za ujauzito: hakuna, na kwa jinsi homoni nyingine zilivyosinyaa, hazijakuwapo kwa miaka mingi.

Akaandika jina la pili, la Kolumba Gama, Songea. Mashine ikauliza mara mbili, akajibu mara mbili.

Hakuna ugoro hata chembe. Kuna udongo, ule wa kuoka wanaotafuna wanawake wakiwa na hamu. Na kuna mimba ya miezi mitano, inaendelea vizuri sana, na chini yake mstari mmoja zaidi kuhusu mtoto mwenyewe, ambao Osmunda aliusoma kabla hajajizuia.

"Yesu na Maria," akasema. Kwa hesabu ya mashine, mama yake alikuwa na umri wa miaka sabini na ushee na alikuwa mjamzito. Kicheko kilimtoka kabla ya machozi, na kwa muda vyote viwili vilikuwa vinakwenda pamoja, peke yake mezani, kitumbua kikipoa.

*

Mkurugenzi, Daktari Mzirai, alishuka ngazi mwenyewe badala ya kumwita juu. Mashine ilikuwa imeshampelekea habari. Mtu mpole, mrefu, mwenye mazoea ya kufuta miwani yake anapotaka kusema jambo zito, na aliifuta kwa muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Akamweleza yote, bila kujitetea. Mzirai alisikiliza, akavuta kiti.

"Sawa. Kwanza, yule mwalimu asichomwe. Mwiba wake andika 'bangili mbovu', hilo tunaweza. Pili, mama yako." Akasita. "Kasha la Songea haliwezi kufunguka bila sababu iliyoandikwa. Lakini akijitokeza mwenyewe hospitali, akasema, jamani, mimi nimevaa bangili isiyo yangu, tulibadilishana, basi sababu ipo. Na jina lako kwenye mashine nalifuta. Ni mimi peke yangu ninayeweza."

"Akijitokeza atashtakiwa."

"Atashtakiwa. Ni mzee, atahurumiwa."

Kabla Osmunda hajajibu, simu yake ikalia. Ilikuwa ni dukani kwa Nyoni.

"Mwanangu! Mara tatu! Kafa nani?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema basi."

"Mama, hiyo bangili uliyovaa ni ya nani?"

Osmunda alisikia redio ya dukani ikipiga muziki, na mtu akiulizia bei ya sukari.

"Kule Iringa," Osmunda akaendelea, "mliwavua bangili wafiwa."

"Tuliwavua," akakubali mama yake, sauti imeshuka. "Si tumwache mfiwa na bangili yake, huo utakuwa utani gani? Zinatoka kwa sabuni tu na maji. Na kwa kuwa zinapiga kelele zikikosa mwili wa mtu, tukazivaa sisi. Mimi nilizivaa mpaka kwenye kiwiko, nikacheza nazo, nikawaambia sasa mimi ndiye serikali. Walicheka mwanangu! Yule mkwe wa marehemu, mwalimu, alikuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akaomba ugali. Halafu wakakomboa, tukawagawia. Labda hapo ndipo..." Hapohapo akauliza jambo jingine kabisa. "Osmu, wewe umejuaje?"

Osmunda akamtazama Mzirai. Mzirai akatazama sakafu.

"Mama, una homa ya majivu. Haijaanza. Ukichomwa leo utapona."

"Nimekuuliza umejuaje. Si ulisema mnaangalia kitu kimoja? Mimi nimebishana na watu hapa dukani. Nyoni alikataa kuvaa, nikamwambia, huyo anayesema ni mwanangu, nimemzaa mimi, hajui kudanganya."

Hilo lilimwingia Osmunda na kukaa. Hakuweza kusema kitu, na mama yake, ambaye si mjinga, akapata jibu kutoka kwenye ukimya huo.

"Basi," akasema Bibi Kolumba. "Nitakwenda hospitali. Nitasema nimekuja kwa akili yangu. Ni mimi peke yangu niliyewavua, wenzangu hawakuwapo, wafiwa walikuwa wamelala. Wakinifunga wanifunge. Wewe usiseme kitu."

"Mama ana busara," akasema Mzirai simu ilipokatwa.

Na kusema kweli mpango ulikuwa umekamilika. Mimba imepona, mama amepona, maabara imepona. Kilichobaki ni bibi kizee mmoja kusimama kizimbani, na Osmunda alijua mama yake angesimama vizuri tu na kumtania hakimu.

"Msiba ule ulikuwa na watu wangapi?" akauliza.

"Sijui. Wengi."

"Bangili zilizogawiwa hovyo ni ngapi?"

Mzirai akaanza tena kufuta miwani.

"Na misiba mingine? Daktari, hapa nchini kuna watani kila kona. Wazaramo na Wanyamwezi, Wagogo huko, nani na nani. Watu wanazikana kila siku. Tumekaa hapa tunapiga mihuri kwenye majina, na hatujui jina gani limevaliwa na nani. Tukimfunga mama yangu leo, nani atakayekuja kesho kusema bangili yake ilichanganywa? Watanyamaza wote. Tutaendelea kuwachoma wazima na kuwazika wagonjwa."

"Basi tutatangaza msamaha. Watu warudishe bangili, bila kusema tumejuaje."

"Wataniuliza nimejuaje. Mama yangu ameniuliza kabla hata hajauliza kama atakufa."

Mzirai akaivaa miwani yake. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa cha kweli, ndiyo maana kiliuma. "Osmunda, ukisema uliangalia, watavua. Siyo wote, lakini wengi. Wakivua, miiba yao hatutaiona. Utakuwa umewaokoa watu wa msiba mmoja, na hao wengine watakufa bila hata sisi kujua majina yao. Wewe ulikuwapo mwaka wa kwanza. Unataka kuurudisha?"

"Sitaki."

"Basi?"

Jibu alilokuwa nalo Osmunda lilikuwa dogo: kwamba sentensi yake ilikuwa imeshakufa tangu alipogusa skrini, na kuisoma tena leo kwa sauti ileile kungekuwa ni kuivalisha maiti. Watu wangeivaa bangili, ndiyo, lakini wangevaa uongo. Na siku uongo huo utakapojulikana, na unajulikana tu, hakutakuwa na sauti yoyote ya kuwarudisha.

Akapiga simu Kalenga. "Daktari Chengula, mwalimu aende nyumbani. Hana kitu." Alisikia mwanamume analia kwa nguvu bila haya, akakisia ni mume. Halafu akasimama, akajipangusa sukari ya kitumbua ambacho hakukumbuka kukila, na kwenda kwenye chumba cha redio.

*

"Habari za asubuhi. Mimi ni Osmunda Gama wa Maabara Kuu. Leo umechomoza mwiba mmoja. Nimefungua takataka za bangili hiyo, na za bangili ya mama yangu mzazi. Nimeona visivyonihusu."

Fundi wa mitambo nyuma ya kioo aliinua kichwa. Mzirai alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kukata matangazo. Swichi ilikuwa karibu na mkono wake kuliko wa fundi. Hakukata.

"Nilifanya hivyo kwa sababu bangili zilichanganywa msibani, na mtu asiyeumwa alikuwa achomwe sindano isiyo yake. Sheria inasema nilichokiona hakimshtaki mtu, kwa hiyo watu wa msiba huo wasitafutwe. Anayeshtakiwa ni mimi. Ninyi wengine mliovuliwa bangili na watani, nendeni zahanati yoyote leo hii, mbadilishiwe. Nimekuwa nikiwaambia kila siku kwamba tunaangalia kitu kimoja tu. Jana ilikuwa kweli. Leo haikuwa kweli. Mtaamua wenyewe. Mimi ningewaomba mvae."

Hakuwa na maneno ya kumalizia, akazima kipaza sauti.

Alipotoka, wapimaji walikuwa wamesimama mbele ya ukuta. Ulikuwa unafifia. Mikoa mizima haikuzimika, la, lakini hapa na pale wilaya zilikuwa zinapungua mwanga, watu wakivua mmoja mmoja jikoni kwao na ofisini kwao. Hakuna aliyemlaumu. Binti mmoja alimletea kiti, na Osmunda akakaa akaangalia mpaka askari walipokuja.

*

Mzirai alikuwa amesema kweli, na mimi sitaificha. Katika kijiji kimoja huko Mbozi walitupa bangili chooni siku ileile, na mwezi uliofuata walizika watu mpaka mbao zikaisha. Osmunda alisoma majina yao gazetini, yote, akiwa nje kwa dhamana. Alikuwa anayakumbuka.

Lakini zahanati nazo zilijaa. Watu walikuja na ndugu zao, na wafiwa wao, na watani wao, wakicheka kwa aibu, wakinyoosha mikono: hii si yangu, hii ni ya shemeji, hii sijui ni ya nani. Bangili zilizochanganywa zilikuwa nyingi kuliko alivyothubutu mtu yeyote pale maabara kukisia. Ukuta ukarudi taratibu, haukujaa kama zamani, ila sasa jina lilikuwa la mwenye jasho lake.

Mkesha wa kesi yake alikuwa Songea. Bibi Kolumba alikuwa ameshatoka hospitali, amekonda, amekaa barazani na kopo la ugoro mapajani, mwenye hasira na ulimwengu wote. Watani toka Kalenga walikuwa wamekuja kumwona siku iliyopita, wakamletea nepi, kofia ya mtoto na kikapu cha udongo wa kutafuna, wakamuuliza kwa heshima zote anatarajia kujifungua lini na baba ni nani. Alikuwa bado anatafuta namna ya kulipiza.

Simu ya Osmunda ikalia. Alikuwa mwalimu Melania.

"Mama Gama, sikukushukuru siku ile."

"Hakuna haja, mwalimu. Hali?"

"Namshukuru Mungu. Anapiga mateke." Akasita. "Nilitaka kukuuliza kitu. Uliangalia takataka za bangili niliyokuwa nimeivaa mimi. Uliangalia zote?"

"Niliangalia zote."

"Basi uliona kama ni wa kike au wa kiume."

Bibi Kolumba aliacha kunusa ugoro, akatega sikio.

"Niliona," akasema Osmunda. Alikuwa ameapa kutodanganya tena, hata kwa jambo dogo.

"Eee? Ni nani?"

"Sitakuambia. Sikupaswa kuona, na siyo yangu kuisema. Hata ukinibembeleza. Utamwona mwenyewe akija."

Melania akashusha pumzi.

"Mume wangu alisema utaniambia. Nikamwambia, akiniambia tu, hii bangili mpya naitupa chooni, na mtoto akizaliwa havai."

"Na sasa?"

"Ninayo hapa mkononi. Naivaa."

Machozi yalimjaa Osmunda, akageuza uso upande wa migomba mama yake asione, lakini Bibi Kolumba alikuwa ameshaona, na alikuwa ameshainyakua simu.

"We Mhehe!" akafoka. "Ni mimi mtani wako, mjamzito mwenzio. Ukijifungua nakuja. Na safari hii nakuvua viatu tu."